Mrija Wenye Mistari Miwili

Miaka kumi na tisa nimepima dagaa Kibirizi,
kiganja changu hutaja kilo kabla mzani haujatulia.
Lakini chumvi ya maji ya bunju
imenirudisha chekechea.

Butoyi ndiye aliyewaleta, watatu, kwa treni,
ndani ya ndoo ya rangi iliyosuguliwa kwa majivu,
kutoka Pangani, pale mto unapoingia baharini
na maji hayajui tena ni ya nani.
“Hawa si wa ziwa, Bukuru. Wala si wa bahari.
Wamezoea katikati.”
Akaniachia na chupa ya maji ya kwao,
kizibo kimefungwa kwa nta,
kama mgeni anayeacha anwani.

Sasa huku Mwanga, juu ya meza ya cherehani ya mama,
limekaa sanduku la kioo, lita sitini.
Maji nimeyachota ziwani mwenyewe,
magumu, sabuni huyagomea.
Chumvi ni ya Uvinza, ya chenga kubwa,
si ile ya pakiti yenye madini joto.
Mama alikuwa akitutuma kuinunua,
nasi njiani tukilamba,
mapacha wawili, kiganja kimoja.

Kipimo nimekiunda: mrija wa soda,
misumari miwili midogo ndani, chini nimeuziba kwa nta ileile.
Nikauelesha kwenye maji ya ziwa, nikachora mstari wa bluu.
Nikauelesha kwenye chupa ya Pangani, ukapanda,
nikachora mwekundu, chini ya bluu.
Kati ya mistari hiyo kuna upana wa punje ya mtama.
Humo ndimo wanamoishi.

Wa kwanza nilimuua kwa haraka.
Kikombe kizima, usiku mmoja, nikaenda kulala.
Asubuhi alikuwa amevimba, duara,
akielea tumbo juu kama mpira uliosahauliwa na watoto.
Nikachukua chaki, nikaandika kwenye mlango wa kabati:

*Chumvi usitie mbio, maji yasije geuka,*
*Tega jicho na sikio, mrija ukishashuka,*
*Samaki si mkimbio, hafugwi kwa kushituka,*
*Ukizidi ni kilio, macho yakishafumbuka.*

Ubeti haukunisaidia mwezi wa saba.
Upepo mkavu uliingia dirishani ukanywa,
maji yakashuka kidole kizima kwa juma,
nami, kwa uaminifu wa mpimaji,
nikarudishia yaliyopungua, nimeyatia chumvi sawasawa.
Mrija ukapanda, ukaupita mwekundu,
ukasimama kama mtu mwenye cheo kipya.
Wa pili akageuka mweusi tumboni,
konokono wakatembea mbele ya mdomo wake bila hofu.
Siku ya nne nilimzika kwenye kopo la maua.

Jibu nililipata kazini, natazama dagaa juani,
kitu nilichokiona kila siku nikilipwa kukiona:
kinachoondoka ni maji.
Chumvi haina mlango wa kutokea.
Nikarudi nyumbani na ndoo ya maji baridi, matupu,
nikaongeza kikombe, nikangoja,
kikombe kingine kesho yake,
nikangoja.

Butoyi hupiga simu siku za Jumapili, asipopiga hapigi.
Mwaka wa tatu huu hajaja.
“Bunju wangu wanaendeleaje?” Husema *wangu*.
Ninayo ya kumjibu, yamekaa ulimini siku nyingi,
yamekauka, yamebaki chenga.
Jumapili iliyopita nilimwambia mvua imeanza Kasulu,
na kwamba bei ya dagaa imepanda,
na kwamba yupo mmoja, anakula.

Yupo. Jicho moja linanitazama mimi,
jingine linamfuata konokono kwenye kioo.
Mrija umesimama unywele mmoja juu ya bluu,
si pale nilipopataka.
Kijiko kiko mkononi.
Nakirudisha koponi, nafunika.